Kibali cha bango Mtwara na Lindi: anza na kiwanja, mteja baadaye

mchorabango (mleta uzi, Mtwara)

Wakuu salaam. Uzi huu niliuahidi muda mrefu kwa mafundi wenzangu wa Kusini. Haipiti wiki bila mtu kunitumia ujumbe: "Kaka, kibali cha bango nakipataje? Mbona wenzangu wanakataliwa?" Leo mvua inanyesha, karakana nimefunga, nimekaa niandike yote ninayoyajua.

Kazi yangu ni mabango. Nilianza na brashi, naandika majina ya maduka ukutani hapa Chikongola. Baadaye nikajifunza kuchomelea, na sasa natengeneza fremu za chuma na kuzisimamisha Mtwara, Lindi na mara mojamoja Masasi. Sina shahada ya sheria. Ninachokiandika hapa nimekilipia kwa jasho, na vingine kwa hasara.

Nianze na hasara yenyewe. Mwaka wangu wa tatu kwenye chuma nilipata mteja mzuri, akataka bango la mita 6 kwa 3 barabara ya kuelekea Mikindani. Mwenye shamba alikubali, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Barua ya maombi nilikuwa nimeshaipeleka, nikajiaminisha kwamba majibu yako njiani. Jumamosi nikachimba mashimo, Jumapili nikamwaga zege. Siku ya tisa napita na pikipiki nakuta X nyekundu, alama ya kutakiwa kubomoa, kwenye nguzo zote mbili. Rangi ilikuwa mbichi bado, imechuruzika mpaka kwenye zege. Nilisimama pale nikachukua futi, kitu ambacho nilitakiwa kukifanya kabla ya kumsikiliza mteja. Kutoka katikati ya lami mpaka kwenye nguzo: mita 19.

Barabara kuu na barabara za mkoa, zile zilizo chini ya TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), hifadhi yake ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa 22.5. Ndiyo maana mtaani mnaona X za rangi mbili: nyekundu ni ya aliyeingia ndani ya zile 22.5, huyo halipwi kitu, na kijani ni ya yule ambaye sheria mpya ilimfuata alipo, kati ya 22.5 na 30. Mimi wa mita 19 sikuwa na pa kusemea. Na mwenye shamba hakunidanganya hata kidogo, alikuwa analima mihogo pale tangu ujana wake na hakuna aliyemsumbua. Muhogo haujengewi zege.

Niling'oa nguzo kwa gharama zangu, nikamrudishia mteja fedha yake kwa awamu tatu. Fremu ilikaa karakana miezi kumi na moja ikila kutu.

Ndiyo maana nasema vibali vingi havikataliwi kwa sababu ya karatasi. Kinachokataliwa ni kiwanja. Fundi anapata mteja, anachukua malipo ya awali, anachora, anakata chuma, halafu ndipo anazunguka mjini kutafuta pa kulichomeka bango. Akifika ofisini anakuwa na haraka ya mteja, si hoja. Siku hizi nafanya kinyume. Nina daftari la viwanja vinane ambavyo nimeshavipima, najua ni vya nani, najua barabara iliyo mbele yake ni ya nani, najua jirani anasemaje. Mteja akija, namfungulia daftari achague.

Kupima kwenyewe si kazi ya ajabu. Ninakwenda saa kumi na mbili asubuhi kabla malori hayajachangamka. Mdogo wangu anashika ncha ya futi katikati ya barabara, mwingine anaangalia magari, mimi naivuta mpaka pale nguzo itakapokaa, nachomeka kijiti. Halafu napiga picha nne: kutokea kila upande wa barabara, kutokea mlangoni kwa jirani, na moja inayoonyesha nyaya za umeme. Namba za eneo nazichukua kwenye simu. Nikimaliza hapo naangalia mambo ambayo wengi hatuyaoni: je, bango litamkinga dereva anayetoka njia ya pembeni asione gari linalokuja? Litaziba taa au alama ya barabara? Liko kwenye njia ya ndege kushuka? Uwanja wa ndege wetu uko jirani kabisa na makazi, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina neno la kusema kwa kitu chochote kirefu au chenye mwanga mkali karibu na pale.

Kisha nauliza barabara ni ya nani. Hili limewaumiza wengi. Kama ni ya TANROADS, unaanza kwa meneja wa mkoa. Kama ni ya ndani ya mji au ya wilaya, ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Halmashauri ni hatua nyingine tena: barua kwa Mkurugenzi, inapitia kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, inakwenda kwa watu wa mipango miji, wanatoka kuja kukagua, halafu inasubiri kikao. Kuruhusiwa na mmoja hakumfungi mwenzake. Nimeona fundi ana barua safi ya halmashauri mkononi na bango lake linang'olewa na wenye barabara, akidhani ameonewa.

Viambatanisho najibu kwa kifupi maana vinaeleweka: TIN, leseni ya biashara, usajili wa kampuni au jina la biashara, mkataba na mwenye kiwanja pamoja na nakala ya hati au barua ya umiliki, mchoro wa eneo, mchoro wa bango lenyewe wenye vipimo, na mchoro wa msingi uliosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Na mfano wa tangazo litakalokaa, msisahau, kwa sababu hapo napo kuna mtego. Niliwahi kupata eneo zuri sana, limepimwa, liko mbali na barabara, kila kitu sawa, ila tangazo lilikuwa la bia na hatua themanini kutoka pale kuna msikiti na madrasa. Majirani walikuja kwa mtendaji wakiwa kumi na wawili, wapole kabisa, wakasema bango hatulikatai, tangazo ndilo tunalolikataa. Walikuwa na haki. Nilipobadilisha mteja, kiwanja kilekile kilipita.

Kuna suala la msimu, na hili wafanyabiashara kutoka Dar hawalijui. Kusini fedha inatembea na korosho. Mnada ukifunguliwa Oktoba kila mtu anataka kuonekana: mabenki, mitandao ya simu, wauza bati, wauza pikipiki. Wanakupigia Septemba. Septemba huwezi kupata kibali cha bango la kudumu, kamati haikai kila wiki. Wauza viuatilifu wao wanataka Mei, wakati watu wanajiandaa kupuliza salfa. Kwa hiyo mimi maombi ya msimu naingiza Februari na Machi, wakati ofisi zina nafasi na mtaalamu ana muda wa kutoka kwenda kuona eneo. Ombi lililokaguliwa na mtu asiye na haraka ni ombi lililokaguliwa vizuri.

Nitarudi kueleza habari ya Mikindani, maana kule ndiko nilikojifunza zaidi. Maswali karibuni.

kijana_ligula

Mkuu uzi mzuri. Ila tuseme ukweli, si unampa mtu kitu kidogo mambo yanaisha? Kuna jamaa namfahamu bango lake lilisimama ndani ya wiki.

mchorabango

Mdogo wangu, nakujibu kwa uzito kwa sababu vijana wengi wanaingia kwenye kazi hii wakiwa na fikra hiyo.

Kwanza ni rushwa, na TAKUKURU ipo hapahapa mkoani. Pili tazama bango lenyewe. Linasimama miaka mitano, kumi. Katika miaka hiyo wakuu wa idara watahamishwa, meneja wa barabara atabadilishwa, na kila anayekuja ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi. Ulichonunua ni ukimya wa mtu mmoja, naye anahama na ukimya wake. Siku X ikipigwa, risiti huna. Utamwambia nani? Huwezi hata kulalamika, maana malalamiko yako yanaanza na kosa lako.

Mimi nina faili la kila bango. Kibali, risiti ya malipo, picha za siku ya kupima. Mkaguzi akija namfungulia faili, tunaagana vizuri. Usingizi wangu uko mle.

lindi_rasbura

Asante mleta uzi. Mimi nimefanya kazi ya upimaji ardhi miaka mingi, sasa nimestaafu, nipo Lindi. Nina machache ya kuongeza.

Watu wanadhani mtaalamu wa mipango miji ana kinyongo na mabango. Mkae upande wake kidogo. Anapokea ombi lililoandikwa "eneo la karibu na stendi". Karibu wapi? Upande gani? Analazimika kwenda mwenyewe, na gari ni moja kwa idara nzima. Ombi hilo linawekwa chini. Linalofuata lina mchoro, namba za viwanja vya jirani, umbali kutoka katikati ya barabara umeandikwa kwa mita, picha zipo. Hilo analipeleka kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira akiwa na la kusema. Madiwani watamuuliza: je, pale si ndipo watoto wa shule wanapovukia? Akiwa na picha yako anajibu hapohapo. Asipokuwa nayo, ombi linaahirishwa mpaka kikao kingine.

Kwa hiyo unapoandika ombi, mwandikie yule atakayesimama kikaoni kukutetea. Mpe majibu ya maswali atakayoulizwa.

Pia kuna vijana wanachanganya ada na kibali. Mwaka 2017 ukusanyaji wa ada za mabango ulipelekwa TRA (mamlaka ya mapato), baadaye ukarudishwa serikali za mitaa. Katika kipindi kile wapo waliolipa TRA wakaamini risiti ndiyo ruhusa ya kusimamisha. Hapana. Ada inalipwa kwa bango lililopo, kwa ukubwa wa uso wake, na inarudi kila mwaka. Kibali ni ruhusa ya kulisimamisha. Unaweza kuwa umelipa ada miaka mitatu mfululizo kwa bango ambalo halikutakiwa kuwepo, na likang'olewa vilevile.

Wale wa Nane Nane pale Ngongo, mabenna ya muda nayo yana utaratibu wake. Ombeni mapema, andikeni tarehe ya kufunga na tarehe ya kuondoa. Na muondoe kweli. Afisa akikumbuka kwamba mwaka jana alitoa benna zako yeye mwenyewe mwezi wa kumi, ombi lako la bango la kudumu analisoma akiwa na picha hiyo kichwani.

mchorabango

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kumwandikia atakayesimama kikaoni sijawahi kulisikia likisemwa namna hiyo, na ndiyo hali halisi. Nimelinakili.

mwanamikindani

Nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa niseme na mimi. Nimezaliwa Mikindani, mama yangu kazaliwa Mikindani. Nyote mnaongea namna ya kupata kibali. Nani anaongea kwa niaba ya wasiotaka bango?

Ukitokea Lindi, barabara inashuka, mibuyu iko pembeni, halafu ghafla ghuba yote inafunguka mbele yako, ngalawa zimelala, maji yanameta. Wageni wanasimamisha magari pale kupiga picha. Sisi wenyewe tukirudi kutoka safari, tukiiona ile ghuba ndipo tunajua tumefika. Nyumba zetu za mawe zimechoka lakini zipo. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lipo na limekarabatiwa. Livingstone alipita hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Mji wote unaumaliza kwa miguu. Bango moja la mita 6 kwa 3 likikaa pale kwenye mteremko, Mikindani imefunikwa.

Zanzibar Mji Mkongwe kuna mamlaka maalumu ya hifadhi, huwezi kujibandikia kibao utakavyo, na mji umekuwa urithi wa dunia tangu 2000. Wafanyabiashara wao hawajafa njaa. Kwa nini sisi tuonekane wakorofi tukisema hapana?

mchorabango

Shikamoo mama. Umenigusa penyewe, maana habari ya Mikindani niliyoahidi ni hiyohiyo.

Ombi la kwanza kule nilipeleka la ukubwa huohuo ulioutaja, na pahali ni kwenye mteremko huohuo. Nilikuwa nimepima, mita 30 nimezivuka, barabara hainidai. Nikasema hili halina pa kukwama. Likakwama. Majibu yalikuwa mafupi: litaharibu mandhari. Nilikasirika, kwa kweli. Nikaona ni neno la kumkatalia mtu ambaye karatasi zake zimekamilika.

Rafiki yangu mvuvi akaniambia, kabla hujaandika rufaa njoo ukae na wazee. Nikaenda Ijumaa baada ya swala. Mzee mmoja alikuwa kwenye baraza la nyumba ya mawe, mlango wa nakshi nyuma yake umeliwa na mchwa upande mmoja. Hakuniuliza kuhusu karatasi. Alinyoosha bakora yake kuelekea ghubani, akaishika mlalo mbele ya macho yangu kama ubao, akasema: "Sasa niambie, unaona nini?" Nikaona bakora. Akaishusha. "Na sasa?" Nikaiona ngalawa moja inaingia, tanga limekunjwa nusu.

Sikuandika rufaa. Nilirudi kwa mteja, nikamwambia eneo hili halifai na mimi ndiye niliyekosea kukuletea. Nikamwonyesha pale abiria wanaposubiri magari ya kwenda Mtwara mjini: watu wanasimama juani, wamama wana ndoo za samaki, hakuna kivuli. Tukachora kibanda chenye paa na benchi, na ukuta wa nyuma una tangazo la mita 2.4 kwa 1.2, jingine kama hilo ubavuni. Rangi tukaipooza isipige kelele mbele ya zile nyumba, na taa hatukuweka. Mteja alinung'unika kwamba ni dogo. Nikamuuliza, bango la mteremkoni mtu analiona sekunde ngapi akiwa kwenye gari? Hapa anakaa nalo nusu saa.

Kilipita kikao kimoja. Mtendaji mwenyewe ndiye aliyenipigia simu kuniambia.

Kwa hiyo mama, hamjawa wakorofi. Nyinyi mliniambia mapema ambacho ningekisikia baadaye kwa hasara kubwa zaidi. Siku hizi kwenye mji wowote wenye masharti makali swali langu la kwanza ni: hapa watu wanalinda nini? Nikilijua hilo, najua ninachoweza kuomba.

mwanamikindani

Kibanda hicho nakifahamu, nimeshakaa hapo na mvua. Sikujua ni kazi yako. Paa linavuja upande wa bahari, kalitazame.

mchorabango

Jumamosi hii nitafika, mama.

chumanasaruji

Mimi ni mhandisi, niliwahi kufanya kazi huko Mtwara, sasa niko Dar. Nataka kuongelea ule mchoro wa msingi, maana wengi mnauona kama karatasi ya kutimiza masharti. Mnanunua mhuri tu.

Chukueni bango la huyu ndugu, mita 6 kwa 3, yaani mita za mraba 18. Upepo wa kilomita 90 kwa saa, ambao ukanda wa pwani si miujiza, unalisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja. Tani hiyo haisukumi chini, inasukuma katikati ya ubao, mita tano na nusu juu ya ardhi kama mmeacha nafasi ya mita nne chini yake. Nguzo inakuwa wenzo, na msingi ndiyo kitu pekee kinachobisha. Sasa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Tani nne. Aprili 2019 mlitahadharishwa na kimbunga Kenneth, kikaenda kutua Msumbiji, si mbali na mpaka. Mei 2024 kikaja Hidaya, na mnakumbuka barabara ya Lindi kwenda Dar ilivyokatika kule Somanga. Pwani hiyo si ya kujengea kwa makadirio.

Halafu kuna chumvi. Chuma kilichopigwa redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mkono mmoja karibu na bahari kinaanza kuliwa kwenye maungio, pale mlipochomelea, na kwenye anka bolti usawa wa zege ambako maji yanatuama. Nje unaona rangi nzima, ndani kumebaki ganda. Inueni usawa wa zege juu ya ardhi, mliwekee mteremko maji yasisimame, na mkague bolti kila mwaka kwa nyundo, si kwa macho.

Tarehe 13 Mei 2024 kule Mumbai, India, upepo wa mvua uliangusha bango eneo la Ghatkopar juu ya kituo cha mafuta. Watu 17 walikufa. Bango lile lilikuwa na futi zinazokaribia 120 kwa 120, wakati mwisho wa ukubwa unaoruhusiwa na manispaa yao ni 40 kwa 40. Lilisimama kwenye ardhi ya polisi wa reli, na manispaa ikasema yenyewe haikutoa kibali. Mnaona kinachofanana na kwetu? Mwenye ardhi karuhusu, mwenye mji hajaruhusu, bango likasimama katikati ya hao wawili.

Afisa akikuuliza juu ya msingi wako, anauliza kwa niaba ya watu watakaokuwa chini yake siku hiyo.

mchorabango

Mhandisi, asante sana. Mimi mashimo yangu ya mwanzo kule barabarani yalikuwa ya mita moja tu. Nikisoma hesabu hii nasema alhamdulillah kwamba ile X ilipigwa.

kijana_ligula

Nimeelewa jibu lako la mwanzo mkuu, na hili la Mumbai limenitisha. Swali lingine: miji ikizidi kubana, kazi yetu si itakufa? Nimesikia kuna mji Brazil walifuta mabango yote.

lindi_rasbura

Ni São Paulo, kijana wangu. Sheria yao ya mji safi ilianza kutumika mwaka 2007. Mabango yote ya nje yakaondolewa, na vibao vya maduka vikawekewa ukubwa kulingana na upana wa uso wa jengo. Watu walitabiri biashara ya matangazo imekwisha. Lakini baadaye matangazo yalirudi kwa mlango mwingine: kwenye vituo vya basi na saa za barabarani, ambazo kampuni inazijenga na kuzitunza, na mji unapata kivuli na saa.

Soma tena kibanda cha Mikindani, utaona ni jambo hilohilo.

Lindi kwetu mimi ningependa kuona mafundi wanakuja na mapendekezo ya namna hii. Sehemu za kusubiria magari hazina kivuli, na mji hauna fedha ya kila kitu. Njoo na mchoro wa benchi, paa na tangazo la kiasi. Ila usilete ahadi ya mdomo ya kulitunza. Iandike kwenye mkataba: nani anapaka rangi, nani anabadilisha bati, mkataba ukiisha ni mali ya nani. Ahadi isiyoandikwa ndiyo inayoharibu jina la mafundi wote.

dukanichuno

Habari zenu. Mimi ni mama mwenye duka la dawa baridi na vipodozi huku Chuno. Sitaki bango kubwa, nataka kibao tu mbele ya duka langu, lakini mwaka jana nilitengeneza kilichotokeza nje nikaambiwa nikitoe. Fundi aliniambia kwa kuwa duka ni langu sihitaji ruhusa. Nifanye nini?

mchorabango

Pole dada yangu, na huyo fundi alikuponza ingawa naamini hakukusudia. Kibao bapa kilichobanwa kwenye ukuta wako na kibao kilichotokeza juu ya njia ya watu ni vitu viwili tofauti. Cha pili kimeshaondoka kwenye duka lako, kipo hewani juu ya njia ya umma, kikimwangukia mtu ni kesi.

Fanya hivi. Pima uso wa duka lako, upana na kimo kutoka juu ya mlango mpaka kwenye kenchi. Piga picha. Nenda halmashauri na picha hiyo, sema unataka kibao bapa cha ukubwa fulani, waulize masharti na ada yake chini ya sheria ndogo, na jibu lao uliombe kwa maandishi. Ukipewa kontro namba lipa, tunza risiti kwenye faili la leseni. Na kwa kuwa duka lako ni la dawa, usiandike jina la dawa yoyote wala inatibu nini. Matangazo ya dawa yana wenyewe, ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Andika jina la duka na namba ya simu basi.

Na dada, kile kibao cha zamani usikitupe. Kama ni bati na skwea paipu, naweza kukikata mikono ile iliyotokeza nikakigeuza kikawa bapa. Utalipia kazi na rangi tu.

dukanichuno

Kipo stoo, nimekifunika turubai. Asante kaka, sikujua kinaweza kuokolewa.

kijana_ligula

Mkuu nina ombi la mwisho. Kuna kiwanja cha baba mdogo kipo njia ya kwenda Naliendele. Siku ukienda kupima naweza kuja nijifunze? Sina hata futi ndefu.

mchorabango

Jumatatu. Tukutane saa kumi na moja na nusu alfajiri hapo kwa baba mdogo wako, ili saa kumi na mbili kukipambazuka tuwe tayari barabarani. Futi ya mita 50 ninayo. Wewe njoo na nguo inayong'aa, kijiti cha kuchomeka, na nakala ya hati ya kiwanja. Na kabla ya Jumatatu nenda kawasalimie majirani wa pande zote, uwaambie tunakuja kupima nini. Wakikwambia kitu, kiandike kama walivyokisema.